Siku ya Mama wa Sandoa

Keti karibu, msomaji wangu, nikusimulie. Juma lililopita tulimzika mama mmoja aliyetoka Sandoa kuja Kolwezi kufanya kazi za nyumbani kwa jirani yangu. Hakuwa na ndugu hapa mjini, lakini kwenye kilio viti havikutosha. Wengine walikalia mabidoni, madumu ya maji, mpaka barabarani. Jinsi alivyowapata watu hao ndiyo habari ya leo.

Kwa jirani alikula vizuri, akalala vizuri, wala hakutukanwa. Ila hakuwa na siku ya kupumzika. Jumapili wageni walijaa, na bukari, ugali wetu, haipikwi jana ikaliwa leo. Sharti isongwe ikaliwe moto. Nilikuwa nimeketi barazani kwao siku alipoomba aachiwe Jumapili akaimbe kwaya.

"Na bukari atapika nani?" jirani akauliza.

"Mama, mikono yako haijasahau."

"Unakosa nini hapa? Sisi njo batu bako," akamwambia, yaani wao ndio watu wake.

"Njo vile, mama. Lakini siku mi nitakufa, nani atanililia bila kuuliza chumvi niliweka wapi?"

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamwachia Jumapili yake. Jumapili iliyofuata alishika mwiko mwenyewe. Bukari ikatoka na mabonge. Mumewe akatafuna polepole, akasema, "Ya leo iko na mifupa." Lakini sahani zilirudi tupu.

Wengi wetu hudhani chakula, kitanda na maneno mema vinatosha. Ni mambo mazuri, siyadharau. Lakini aliyeacha kwao huanza maisha upya, na huhitaji nafasi ya kujuana na watu wasiomtuma: wa kumwambia mgongo unauma, wa kumshauri kuhusu kazi, wa kumtembelea akilazwa. Watu hao hawapatikani jikoni kwa mtu. Yeye aliwapata kwenye kwaya. Walipokezana kando ya kitanda chake hospitalini, na kaburini wakamwimbia kwa lugha ya kwao, nyimbo alizowafundisha yeye. Jirani yangu ndiye aliyewasongea bukari waombolezaji wote, na haikuwa na bonge hata moja.

Basi leo, kabla hujalala, muulize anayekufanyia kazi nyumbani anataka siku gani iwe yake. Siku hiyo ikifika, shika mwiko wewe.