Mipira ya Matone Isiyoziba ya Ihanja

Niliondoka nyumbani Mandewa kwa ajili ya nyanya. Shamba langu liko Mwankoko. Miche ilikuwa imeanza kutoa maua, lakini kwenye nusu ya matuta ilinyauka kwa sababu vitundu vya mipira ya kumwagilia kwa matone vilikuwa vimeziba. Nilivizibua, vikaziba tena. Nikaambiwa kuwa Ihanja yuko Mama Salma, ambaye mipira yake inadondosha maji msimu wa nne sasa. Nilikata kipande cha mpira wangu, nikakifunga kwenye pikipiki.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa barabarani. Alizeti zilikwisha kuvunwa. Penye kijani katikati ya mabua makavu, palikuwa na kisima.

Ihanja, saa mbili na nusu. Nilimkuta Mama Salma, mwenye umri wa mama yangu, ameinama mwishoni mwa tuta. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuinuka, akaomba kipande changu na kukitazama juani.

"Umezibua kwa kitu gani?"

Nikamwambia, kwa mwiba wa mgunga.

"Basi hukuzibua, mwanangu. Umeutoga masikio."

Alieleza kwamba tundu lililotanuka hunywa maji ya wenzake walio mbele, wala halirudi kuwa dogo. Kisha akaendelea na kazi yake ya kila Jumamosi. Aliosha chujio. Alifungua mwisho wa bomba kuu hadi maji yakakimbia, ndipo akafungua miisho ya mipira, mmoja baada ya mwingine. Tenki amelifunika turubai jeusi, maana utando wa kijani huota penye mwanga. Maji yalitoka safi tangu mwanzo, nikamuuliza anaosha nini.

"Ukingoja kuuona uchafu, wenyewe umeshajenga humo ndani."

Alasiri nilirudi moja kwa moja Mwankoko, nikafungua miisho ya mipira. Lilitoka tope zito la kahawia, muda mrefu, kabla maji hayajang'aa.

Asubuhi iliyofuata nilitembea tuta kwa tuta nikitazama chini. Kila mche ulikuwa na duara lake la unyevu, hata wa mwisho kabisa, isipokuwa kwenye mipira mitatu niliyokwisha kuiharibu kwa mwiba. Miche ya hapo, iliyokauka, niliing'oa mwenyewe. Siku zote nilijisifu kwa bidii ya kuzibua. Kumbe bidii hiyo ilikuwa ushahidi wa kazi ambayo sikuifanya.