Gunia la Chanika na Kidole Changu Gumba

Watu wa Tandale walisema sitadumu mwezi. "Umepanda ndege kwenda kusomea mifupa," jirani yangu fundi cherehani aliniambia, "umerudi na diploma. Sasa maiti atakushukuru?" Nikapiga pasi koti langu jeupe, nikaripoti chumba cha maiti, Temeke. Nilidumu mpaka nikastaafu, na hakuna aliyenibeba.

Siku hiyohiyo ya kwanza polisi walileta gunia la mifupa kutoka Chanika, ambako mafundi walikuwa wakichimba msingi wa nyumba. Nikatoa fuvu. Mfupa wa juu ya macho umejitokeza, taya pana. "Mwanamume," nikatangaza, kwa sauti ya mtu aliyetoka ng'ambo.

Mlangoni alikuwa amekaa Bi Mwanaidi. Mama yake alipotelea shambani hukohuko Chanika, miaka mingi nyuma. Aliponisikia alijifunga khanga vizuri, akaondoka, akijua huyo si mama yake.

Mkuu wa kitengo, mama mfupi asiyependa makelele, akarudi kutoka kikaoni. "Nyonga umeiangalia?"

"Imo guniani bado, mkuu. Lakini fuvu..."

"Mwanangu, mwanamke akizeeka fuvu lake huweza kukomaa likafanana na la mwanamume. Anza na nyonga."

Nyuma ya nyonga kuna pengo kama upinde. Kwa wanaume wengi ni jembamba, kidole gumba hukwama. Kwa wanawake wengi ni pana. Nikaingiza changu, kikacheza. Na mkono wa kushoto ulikuwa umewahi kuvunjika ukaunga vibaya, kama Bi Mwanaidi alivyowaeleza polisi.

"Aliyemwondoa Bi Mwanaidi ni wewe," mkuu akasema. "Kamrudishe wewe."

Nilimkuta Chanika na mjomba wake. Nikasema nimekosea, kidole changu gumba kimecheza kwenye pengo la nyonga, ni mwanamke.

"Asubuhi mwanamume, mchana mwanamke," mjomba akasema. "Jioni atakuwa nani, mtaalamu?"

Bi Mwanaidi alikuwa na swali moja tu. Kwetu mwanamume husitiriwa kwa sanda vipande vitatu, mwanamke vitano.

"Kwa hiyo vitano?"

"Vitano, dada. Tusubiri tu kipimo cha kulinganisha damu yako na mifupa."

Kipimo kikathibitisha. Akazika mama yake.

Baada ya hapo nilishika mifupa mingi, na madaktari wenye shahada kubwa wakaniita niwaangalizie. Najisifu, ndiyo. Lakini sikuanza tena na fuvu. Bi Mwanaidi akinikuta sokoni Tandale hunishika mkono, akakitazama kidole gumba.

"Bado kizima?"

"Bado, dada."

Ndipo tunaulizana habari za nyumbani.