Maji Yalipanda Moto Ukishazimika

Ilianza Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, kwenye chumba cha darasa la nne, shule ya msingi iliyo jirani na sekondari yetu hapa Mikumi. Mwalimu wetu wa kemia alikuwa ametutuma sisi wa kidato cha tatu tuwachezeshe wadogo michezo ya sayansi, wasije wakaiogopa kama tunavyoiogopa sisi. Kuja ni hiari yao. Mwenzangu niliyepangwa naye alikuwa anaumwa. Mimi, ambaye hata kununua chumvi dukani naona aibu, nikabaki peke yangu na watoto arobaini na kitu, mshumaa, sahani na glasi.

Nikamimina maji mekundu ya rozela kwenye sahani ili yaonekane vizuri, nikasimamisha mshumaa katikati, nikauwasha, nikaufunika kwa glasi. Moto ukafifia, ukazimika, na yale maji mekundu yakapanda ndani ya glasi. Watoto wakapiga meza kwa furaha. Nikawaeleza kama ilivyo kwenye daftari langu: moto umekula oksijeni, maji yameingia kujaza nafasi yake. Nikajiona mwalimu kabisa.

Msichana mmoja wa nyuma akasimama. Kwao ni wafugaji, wanakaa nje ya mji upande wa barabara ya Kilosa, na Kiswahili bado anakitafuta kidogo.

"Dada, mbona moto ulipokuwa unakula, maji yalitulia? Yamepanda ukishakufa."

Akaendelea, polepole, kwamba mama yake husafisha kibuyu cha maziwa kwa kusugua ndani na kijiti chenye kaa la moto, kisha hukung'uta majivu yote. Akikifunika kingali na joto, kikipoa kifuniko kinang'ang'ania mpaka wakivute watu wawili. Na humo ndani hamna moto tena.

"Dada, huyo anataka kukukamulia ng'ombe humu," akasema mmoja wa mbele. Darasa zima likacheka.

Hapa ndipo ninapoona aibu kuandika. Na mimi nilicheka. Hata haikunichekesha, nilifurahi tu kwamba macho yametoka kwangu. Nikamwambia akae, tuendelee. Akakaa. Wakati wa kutoka nikamwambia tuonane Jumamosi ijayo. Akasema haji tena.

Nilirudi nyumbani kichwa kimevurugika. Nikarudia jaribio jikoni mara tano, mama akilalamika kuwa nammalizia mshumaa wake. Ni kweli: moto ukiwaka vizuri maji yanatulia, ukizimika ndiyo yanakimbia kupanda. Nikachukua chupa tupu ya plastiki, nikaisuuza kwa maji ya moto, nikayamwaga, nikafunga kifuniko. Ilipopoa ikajikunja yenyewe kama imekanyagwa. Moto haukuwamo hata kidogo. Sasa hapo oksijeni imeliwa na nani?

Nikampigia mwalimu kwa simu ya mama. Akasema huenda ni hewa iliyopata joto, ikipoa inasinyaa. Atasoma tena, ila kwenye mtihani nisichanganye mambo, niandike ya daftarini. Kwa hiyo yaliyo daftarini ni kweli, nusu kweli, au vipi? Sielewi. Na sielewi zaidi kwa nini nilimcheka mtu aliyekuwa anafanya kile kile nilichotumwa kuwafundisha.

Jumapili asubuhi nikaenda bombani. Foleni ya ndoo ilikuwa ndefu, na wengi waliocheka jana walikuwapo. Yule msichana naye alikuwapo, na punda wao wa kubeba madumu. Ningeweza kuchota nikaondoka, ndivyo nilivyo siku zote. Safari hii nikawageukia. Nikawaambia wote, kwa sauti ambayo hata mimi siizoei, kwamba jana yeye aliona sawasawa, mimi ndiye niliyekosea, na kumcheka nilikosea zaidi.

"Kwa hiyo jibu ni lipi, dada?" akauliza yule aliyekaa mbele jana.

"Sijui vizuri. Muulizeni yeye habari ya kibuyu."

Wakamgeukia. Akakaza kamba ya dumu. Kisha akasema Jumamosi atakileta wakione, na yule aliyesema ng'ombe ndiye atakayekifungua. Wakaanza kumbishia, naye akaanza kuwaeleza, polepole vile vile. Nikatoa ndoo yangu kwenye foleni, nikaenda kusimama nyuma yao nisikilize.