Kadi Niliyokataa Kuipeleka Mahakamani

Siku yangu ya kwanza kazini, mwenye ofisi hakunipa jalada wala kalamu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka michache tu kabla ya hapo, nami nilikuwa nimetoka chuoni na jozi moja ya viatu vya kuvaa mbele za watu. Ofisi yake ya uwakili ilikuwa Bukoba, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Akaniketisha kwenye benchi la wateja mpaka saa saba mchana, nikisikiliza watu wakielezana mashauri yao ya mashamba na ndoa. Kisha akaniita.

"Umesikia nini?"

Nikaanza kumsimulia kwa bidii. Akainua mkono.

"Binti, hukusikia kitu. Kesho anza upya."

Nilikaa chini yake miaka kadhaa. Alinifundisha kuandaa hati ya kiapo, yaani maelezo ambayo mtu huyaapia kuwa ni kweli, na ukikosea neno moja aliichana mbele yako. Zaidi ya yote alinifundisha kwamba wakili ana mabwana wawili: mteja, ambaye siri yake haitoki, na mahakama, ambayo haidanganywi. "Siku watakapovutana," alisema, "ndipo utajua kama wewe ni wakili au msema ovyo."

Siku hiyo ilinikuta Karagwe. Alikuwa amenituma kufungua tawi, nikapanga chumba Omurushaka nyuma ya duka la mnunuzi wa kahawa. Vita vilipozuka ng'ambo, Rwanda, watu waliozikana na kuozana miaka yote wakaanza kuulizana babu zao walitoka wapi. Ndipo akaja Zakaria, mkulima wa Ihembe, mtu wa makamo, mpole. Baba yake alikuwa Mnyarwanda aliyekuja zamani kutafuta vibarua. Jirani aliyetamani kibanja chake, shamba lake la migomba, alikuwa amemshtaki kuwa ni mgeni anayeishi nchini bila kibali. Akishindwa, angeondolewa yeye, mkewe na watoto, na migomba ibaki kwa jirani.

"Shikamoo, mama wakili," alisema, ingawa alinizidi umri. Akaweka mezani kadi ya ubatizo. Kwa mujibu wa kadi hiyo alizaliwa Ihembe, na mama yake alikuwa mzaliwa wa Karagwe.

Nikaigeuza. Mhuri ulikuwa na neno "dayosisi". Mwaka ule ulioandikwa, dayosisi ilikuwa haijaundwa bado; pale palikuwa na misheni tu.

"Mzee Zakaria, hii umeitoa wapi?"

Macho yakamjaa machozi. "Nimeinunua, waitu," alisema, kwa neno la heshima la kwao. "Ya kweli iliungua na nyumba."

Nikamrudishia. "Nikiipeleka, nitakuwa nimemdanganya hakimu. Wala sitakwenda kukusema kwa mtu. Lakini usiitumie popote."

"Basi umeniacha."

"Sijakuacha. Nani aliyemjua mama yako yuko hai?"

Akanieleza. Mama yake alikuwa Mnyambo wa Kituntu, mwenyeji kabisa wa Karagwe. Alipoolewa na kibarua asiye na ukoo hapa, ndugu zake walimkana. Dada yake mkubwa alikuwa hai bado, ila Zakaria hakuwahi kukanyaga uani kwake. Alikuwa ameona ni heri kununua uongo kuliko kwenda kumwangukia mama mkubwa yule.

Kabla sijafika Kituntu, nilitembelewa na afisa mmoja wa uhamiaji. Hakuketi.

"Tumesikia mteja wako ana kadi bandia. Amekuambia nini?"

"Aliyoniambia mteja wangu si mali yangu."

"Na wewe babu yako alitoka wapi?" aliuliza, akaondoka.

Haukupita mwezi, nikapata barua ya kamati ya nidhamu ya mawakili: nalalamikiwa kwa kuficha wahamiaji na nyaraka za kughushi. Adhabu yake ilikuwa kufutwa kwenye orodha ya mawakili. Nikapanda basi kwenda Bukoba.

Mwenye ofisi aliisoma barua mara mbili. "Kanuni zinakuruhusu kujitetea. Ukisema uliikataa kadi, umepona."

"Na yeye?"

"Yeye anafungwa kwa kununua kadi." Akavua miwani. "Siwezi kukuchagulia, binti."

Nilirudi Karagwe sijachagua, nikaenda Kituntu na Zakaria. Mama yake mkubwa alikuwa akimenya ndizi. Alimtazama mgeni wake, kisu kikaanguka.

"Una paji la uso la mdogo wangu Anastazia," alisema. Akaanza kulia.

Mahakamani mama mkubwa alikataa kiti. Mwendesha mashtaka, yaani afisa anayesimamia kesi kwa niaba ya serikali, akamuuliza anajuaje Zakaria alizaliwa hapa.

"Nilimpokea mimi kwa mikono hii."

"Lakini mlikuwa mmemkana mama yake."

"Wanaume ndio waliomkana. Mimi nilikwenda kwa kujificha. Mama yake tumezaliwa tumbo moja, Kituntu. Sasa na mimi nifukuzeni!"

Watu wakacheka, hata hakimu akainamia karatasi zake. Mchungaji wa huko akaleta kitabu cha zamani cha ubatizo cha misheni, na jina la Anastazia lilikuwamo. Zakaria akaachiwa huru.

Kamati ilinisubiri Dar es Salaam. Hukumu ilikuwa imetoka, lakini kosa la kadi lilikuwa bado linaweza kumfunga Zakaria. Mwenyekiti akauliza: "Uliwahi kuona kadi bandia mikononi mwa mteja wako?"

"Mheshimiwa, sitajibu. Kilichopelekwa mahakamani kimo katika jalada. Kikaguliwe chote."

Walikagua. Tulingoja nje saa nzima, mimi na mwenye ofisi, aliyesafiri nami bila kuombwa. Tulipoitwa, mwenyekiti alisema maneno machache: kila nilichopeleka kilikuwa cha kweli, na wakili hashitakiwi kwa kunyamaza pale anapopaswa kunyamaza. Lalamiko likatupwa. Njiani kurudi nililala, sikumbuki hata kituo kimoja.

Nimestaafu sasa. Vijana huniuliza kama sikuogopa. Niliogopa sana. Ila woga haukunizuia kula wala kulala, kwa kuwa nilijua jambo moja la kufanya, na lilikuwa dogo: kufunga mdomo.

Mtashangaa basi mbona nasimulia. Miaka mingi baadaye mama mkubwa alifariki. Matangani Zakaria alisimama mbele ya ukoo wote wa Kituntu, akasema yote mwenyewe: kadi, bei aliyotozwa, aibu yake. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Akanigeukia.

"Mama wakili, nimekufungulia. Sema nawe."

Nikasimama, nikatafuta la kusema, nikakosa. Nikaketi. Mkewe akanisogezea sahani ya ebitoke, ndizi za kupikwa, na maharage, nikala nikashiba.