Pistoni Kando ya Kikombe cha Mjomba

Mjomba wangu aliamini kuwa anarogwa.

Kila asubuhi alikuta pistoni mfu kando ya kikombe chake cha chai. Imeoshwa, imekaushwa, imesimamishwa wima kama mgeni aliyewahi kufika.

Mchawi nilikuwa mimi.

Isipokuwa siku ya nne. Ya siku ya nne sikuiweka mimi, naapa.

Ngoja nianze mwanzo.

Shule niliishia darasa la tano. Nikakaa nyumbani mpaka mama aliponipeleka kwenye gereji ya kaka yake nioshe vyuma. Kazi ilinifaa sana, maana chuma hakikuulizi umeamkaje.

Mimi nina aibu. Mteja akinisalimu, nainamia karai mpaka pua inagusa mafuta ya taa.

Lakini shangazi alikuwa na mpango wake. Ana duka la magauni ya harusi. Siku moja akaja, akamwambia mjomba, "Mwezi huu ukiisha hujampa spana awe fundi, namchukua. Atakaa mlangoni anakaribisha wateja."

Mlangoni! Kukaribisha! Mabibi harusi, na mama zao, na mashoga zao!

Siku hiyo niliosha hata vyuma vilivyokwisha oshwa.

Nikamfuata mjomba, nikamwuliza kwa sauti yangu ile ile ya kunong'ona, spana nitapewa lini.

"Unasema na mimi au na karai?" akaniuliza. "Fundi asiyesikika ni honi iliyokatika waya, mwanangu."

Wiki hiyo hiyo akaja mzee mmoja, dereva wa treni mstaafu, na kigari chake cha zamani. Kizuri jamani, rangi ya maziwa, taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuliwa. Shida yake mlima. Binti yake anaishi juu, kajifungua, na kigari hakifiki. Safari ya mwisho kilipitwa na mtu anayesukuma mkokoteni. Yule mtu akampungia mkono.

"Nifungieni turbo," mzee akasema. "Nimevuta mabehewa thelathini maisha yangu yote. Siwezi kushindwa kumfikia mjukuu wa kilo nne."

Turbo, kwa asiyejua, ni kama feni inayozungushwa na moshi wa injini. Inasukuma hewa ndani kwa nguvu. Hewa nyingi, mafuta mengi, mbio nyingi. Na joto jingi, ambalo pistoni, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya injini, inalipokea kichwani.

Injini ya mzee ilikuwa imechoka, kwa hiyo mjomba alikuwa na mbili za kuchagua.

Ya kwanza tuliiita Bwana Harusi. Nyepesi, imeng'arishwa, pistoni zake zina vichwa vilivyovimba ili ziibane hewa sana.

Ya pili ilitoka kwenye gari la kusambazia mikate. Nyeusi, nzito, haina haraka na mtu. Pistoni zake nene, vichwa vimebonyea kama bakuli. Hiyo tuliiita Bibi.

Mjomba akamchagua Bwana Harusi. "Mwenye nguvu ukimwongezea nguvu inakuwaje? Anapaa!"

Atapaa kweli, nikawaza. Vipande vipande.

Maana mwosha maiti ni mimi. Nina rafu yangu ya pistoni zilizokufa, nazijua moja moja. Zote zilizokufa kwa turbo zilikuwa za vichwa vilivyovimba. Injini ambayo tayari inaibana hewa mpaka mwisho, ukiisukumia hewa nyingine, mafuta yanalipuka kabla ya zamu yake. Utasikia inagonga, kokoto kwenye kopo. Halafu kimya.

Nilijaribu kumwambia. Nikafika nyuma yake, nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikarudi kwenye karai.

Ndipo nikaanza uchawi.

Jumatatu nikaweka iliyotoboka katikati, tundu linaingia kidole. Jumanne, iliyovunjika ukingo penye ringi, zile pete zinazoizunguka. Jumatano, iliyoyeyuka upande kama mshumaa.

Nilidhani ujumbe umefika!

Mjomba akasimama na kikombe mkononi, akatazama gereji ya ng'ambo ya barabara. Pale yupo Miwani, mshindani wake wa tangu ujana.

"Miwani! Umeanza kuniletea marehemu?"

"Si unawaua mwenyewe? Nikuletee wa nini?" Miwani akajibu, hata kichwa hakuinua.

Alhamisi nikaogopa. Sikuweka kitu. Ila nilipokuja na birika, pistoni ilikuwapo.

Nzima. Nene. Imebonyea kama bakuli.

Chai nusu ikaishia kwenye kandambili zangu.

Mjomba akavuka barabara, akarudi amemshika Miwani mkono wa ovaroli. Mzee wa treni naye alikuwa amefika kuuliza gari lake.

"Mzee, wewe ni shahidi," mjomba akafoka. "Leo namshtaki huyu kwenye umoja wa mafundi. Afungiwe gereji!"

"Kwa kosa la kukupa pistoni?" Miwani akauliza.

"Kwa kosa la kunitisha!"

Miwani akaivua miwani yake, akaifuta taratibu. Hakuna aliyecheka. Nikaona mtu ana watoto wa kulisha, anafungiwa gereji kwa sababu ya ukimya wangu.

"Ni mimi," nikasema.

Wote wakageuka kutafuta sauti. Mjomba akachungulia mpaka chini ya meza.

"Kumbe huyu binti anaongea!" mzee akashangaa. "Wiki nzima mimi namwonyesha kwa vidole!"

"Zile tatu ni mimi. Ya leo siijui." Mdomo ulishafunguka. "Mjomba, Bwana Harusi hataumaliza mlima. Zile tatu zote ni ndugu zake. Mfunge Bibi."

"Bibi? Aliyekuwa anabeba mikate?"

"Ndiyo maana. Amezoea mzigo."

"Na mbio?"

"Mbio zitaletwa na turbo. Injini tuichague kwa uvumilivu. Pistoni zake nene, na lile bakuli linaiachia hewa nafasi. Na turbo yenyewe tusiifungulie yote, tuibane, ipulize kidogo tu."

Miwani akairudisha miwani yake machoni.

"Dah," Miwani akasema. "Mwanafunzi wako kakufundisha mbele ya mteja."

Mjomba akakuna kichwa. "Haya. Mleteni Bibi."

Wiki mbili baadaye tukaupanda mlima. Mzee usukani, mjomba pembeni yake, mimi nyuma, masikio yamesimama. Nilikuwa naivizia ile kokoto kwenye kopo.

Kona ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Bibi alikuwa ananguruma kama mtu anayejiimbia akiosha vyombo.

Tukampita mtu wa mkokoteni. Mzee akampungia mkono, taratibu, kwa heshima zote.

Juu, mzee alipokuwa amembeba mjukuu, nikachomoa plagi nne, zile zinazotoa cheche ya kuwasha mafuta, nikazitazama. Kavu, rangi ya kahawia, hazina vichembe vya kung'aa. Vichembe vikionekana, ujue pistoni imeanza kuaga.

"Nzima," nikasema. Kwa sauti.

Mjomba akanikabidhi spana namba kumi na saba, ile yake ya siku zote.

"Mjomba, ile pistoni ya Alhamisi..."

"Niliiweka mimi."

Spana nusura inidondoke.

"Mchawi gani anaosha uchawi wake, anaukausha mpaka kwenye mifereji ya ringi? Siku ya tatu, baada ya kumfokea Miwani, nilishakujua."

"Na Miwani?"

"Nilimwomba akubali kufokewa tena. Alifurahi mno. Hata yeye hakuwahi kusikia sauti yako."

"Kwa hiyo Bwana Harusi usingemfunga?"

Hapo mjomba akakohoa. "Jumatatu? Ningemfunga. Jumatano nilikwenda kwenye rafu yako, nikawatazama marehemu mmoja mmoja. Nikaona aibu mtu mzima. Lakini nikasema, hili lazima alitamke mwenyewe. Mteja hataelezwa ugonjwa wa gari lake na kikombe cha chai."

Mwisho wa mwezi shangazi akaja kunichukua. Nikamkaribisha kiti, nikamweleza habari za pistoni tangu alipokaa mpaka alipoaga. Alisema nibaki tu gerejini, dukani kwake ningewachosha maharusi.

Ndugu yangu unayesoma, ukijua jambo liseme, hata sauti ikitetemeka. Chuma nacho husema. Lakini chenyewe husema mara moja tu, kinapovunjika, na huchagua mlimani.