Maji ya Kitinda Yaliyokwenda Ng'ambo

Wanafunzi walimwita Mama Mradi, na mwanzoni alilipenda jina hilo. Alikuwa mhadhiri wa kemia ya maji katika chuo kikuu ambacho maabara yake ilikuwa na mizani moja nzima, mabomba yanayokohoa kabla ya kutoa maji, na jokofu lililofungwa kwa kamba ili mlango usijifungue. Alifundisha vipimo ambavyo wanafunzi hawakuvifanya kamwe. Aliwachorea mashine ubaoni, akawaonyesha kwa chaki sampuli inaingilia wapi na jibu linatokea wapi. Nao walinakili, wakafaulu mitihani, wakaenda zao kutafuta kazi kwenye mashine wasizowahi kuzigusa.

Ndiyo maana siku alipokutana na yule profesa wa ng'ambo kwenye mkutano wa wanasayansi, hakumwachilia. Profesa alikuwa mtu mrefu, mpole, anayesikiliza huku ameinamisha kichwa kama daktari wa watoto. Walikubaliana kuomba fedha kwenye mfuko mmoja wa nchi yake, uliogharimia vyuo vya huko na vya nchi kama hii vifundishe na kufanya utafiti pamoja. Andiko aliliandika Mama Mradi, karibu lote. Profesa alinyoosha lugha, na jina lake likatangulia, maana masharti ya mfuko yalitaka mwombaji mkuu awe wa kule. Hilo halikumuuma. Aliliona dogo, akalimeza.

Fedha zikatoka. Ikaja mashine ya kupimia metali ndani ya maji, ikashushwa na wanaume sita huku idara nzima imesimama kwenye varanda. Ikaanzishwa shahada ya uzamili ya pamoja: mwaka wa kwanza hapa, wa pili kule, na cheti chenye mihuri ya vyuo viwili. Makamu mkuu wa chuo alikata utepe na kuhutubia mpaka wageni wakaanza kujipepea kwa ratiba. Likaja pia gari la mradi, ingawa lilionekana zaidi nyumbani kwa makamu kuliko visimani.

Mama Mradi alikuwa na mdogo wake wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda hata baada ya kuwa mtu mzima mwenye nywele mbili tatu za mvi. Kitinda alikuwa mwalimu wa kemia wa sekondari, ajira ya kudumu, shule ya karibu na kwa mama yao. Alikuwa na akili ya maabara kuliko dada yake, na dada yake alilijua hilo tangu wakiwa wadogo, alipokuwa akimkuta anachanganya majivu na ndimu kwenye vikombe vya chai.

"Jaza fomu," Mama Mradi alimwambia Jumapili moja, wameketi kwa mama yao wakichambua mboga.

"Nimeomba ruhusa ya masomo, wamenikatalia. Wanasema nikitaka kusoma niache kazi."

"Basi acha."

Kitinda alicheka. Alipoona dada yake hacheki, akaweka kisu chini. "Dada, na hizo fedha zikikatika?"

"Zitakatikaje? Imeshasainiwa. Hawa wenzetu wakisema wamesema, si kama sisi."

Mama yao, aliyekuwa akisikiliza kwa sikio moja, alisema ajira ya kudumu si kitu cha kutupa. Mama Mradi akamjibu kwamba dunia imebadilika. Alilisema kwa upole, lakini kwa ile sauti ya mtoto aliyesoma, na mama akarudi kwenye mboga zake. Mwezi haukuisha, Kitinda akaandika barua ya kuacha kazi.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri mno. Kitinda alichagua kuchunguza visima vya mtaa mmoja nyuma ya karakana ya kuyeyushia betri kuukuu za magari, akitafuta madini ya risasi yanayodumaza akili za watoto. Watu wa pale walikunywa maji hayo, waliyapikia, waliwaogeshea watoto. Mwenye kisima kikubwa kuliko vyote alikuwa bibi mmoja mjane, mnene, mcheshi, anayeuza maji kwa ndoo na kumkopesha kila mtu.

"Nawe unayachukua bure?" alimwuliza Kitinda siku ya kwanza.

"Nayachukua niyapime, bibi. Nikuletee jibu kama yana sumu."

"Yangekuwa na sumu ningekuwa nimeshakufa. Lakini chukua. Hata mimi nataka kujua, wajukuu wangu wawili shule haiwaingii kichwani kabisa."

Kitinda alirudi pale mara nyingi, kiangazi na masika. Alijaza chupa, akaziandika kwa mkono wake, akazipanga kwenye jokofu jipya. Masharti ya mfuko yalitaka vipimo vya mwisho vifanyike kwenye maabara ya kule, yenye ithibati ya kimataifa, kwa hiyo chupa zote zikafungwa kwenye barafu na kusafirishwa kwa ndege. Yeye mwenyewe angezifuata baada ya viza. Alishanunua koti la baridi la mtumba, akawa analijaribu mbele ya kioo huku mama yao anamcheka.

Habari ilikuja asubuhi, Mama Mradi akiwa ofisini anasahihisha mitihani. Barua pepe ilikuwa fupi. Serikali ya kule ilikuwa imebadilisha vipaumbele, mfuko umefungwa, miradi yote inasimama mara moja. Ilimalizia kwa kumshukuru kwa mchango wake.

Mchana profesa akapiga simu ya video. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa vitabu na dirisha lenye mti usio na majani. Macho yalikuwa mekundu. Alisema ameaibika, alisema hajalala, alisema kazi ya maisha yake imevunjwa na wanasiasa. Mama Mradi akajikuta anambembeleza. "Usijali, profesa. Tutaona la kufanya. Pumzika kwanza." Simu ilipokatika alibaki anatazama kioo cheusi, hasira zikamjia taratibu. Mshahara wa yule mtu haukuguswa. Yeye ndiye aliyekuwa na wanafunzi wanaongoja kwenye varanda, na bado alikuwa amemfariji.

Alikwenda kwa makamu mkuu. Makamu alimsikiliza huku anapekua simu.

"Chuo hakikumwahidi mtu yeyote kitu," alisema. "Aliyeahidi ni mradi."

"Na mradi ni nani, mzee?"

"Mradi si wewe? Chuo kizima kinakuita hivyo."

Katibu muhtasi wake akatabasamu. Mama Mradi akaomba ruhusa, akatoka.

Aliwakusanya wanafunzi darasani, akawaeleza bila kuzunguka. Mmoja aliuliza kama watarudishiwa ada. Mwingine, mwenye utani siku zote, alisema basi wameachwa kwenye mataa na gari limeondoka na mizigo yao. Wakacheka kidogo. Kitinda alikaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Kipindi kilipokwisha alitoka wa kwanza.

Kisha mashine nayo ikafunga mdomo. Kila mwaka ilihitaji namba ya siri ya kuifungulia, na namba hiyo ilikuwa ikilipiwa na chuo cha kule. Siku ilipofika, kioo chake kiliandika kwamba muda wa matumizi umekwisha. Fundi wa maabara aliizima, akaifunika kwa shuka. Baadaye watu wakaanza kuweka marundo ya karatasi juu yake, maana ilikuwa pana na haikuwa na kazi nyingine.

Mama Mradi hakukaa kitako. Alizunguka ofisi za chuo kama anayeomba msamaha wa kosa lisilo lake, kamati hadi kamati, mpaka wakakubali wanafunzi wale wapewe shahada ya kawaida ya chuo, muhuri mmoja, wakikamilisha tasnifu. Wengi walikamilisha. Walikuwa wamefanya kazi za takwimu au za mahojiano, wangeweza kumalizia hapahapa. Kitinda hakuweza. Kazi yake yote ilikuwa ndani ya chupa, na chupa zilikuwa ng'ambo.

Mama Mradi aliandika kuomba zipimwe. Profesa akajibu kwamba anafuatilia. Akaandika tena, akajibiwa kwamba aliyekuwa akizishughulikia amepunguzwa kazi, hivyo wavumilie. Akaandika mara nyingine, kimya. Mwisho akapiga simu bila miadi, na profesa akapokea akiwa uwanja wa ndege, begi begani.

"Nilikuwa nataka kukwambia mwenyewe," alisema. "Jokofu lilihitajika kwa kazi nyingine. Walisafisha bila kuniuliza."

"Walisafisha vipi?"

"Walizimwaga. Nasikitika sana, rafiki yangu. Kwa kweli nasikitika."

Akaeleza kwamba anasafiri kwenda bara lingine kuanzisha ushirikiano mpya, mfuko tofauti, mada inayokaribiana. Nyuma yake kipaza sauti kikaita abiria. Safari hii Mama Mradi hakumbembeleza. Alikata simu, akaenda msalani, akafungua bomba ili wenzake wasisikie.

Alimkuta Kitinda jikoni kwa mama yao akiosha vyombo. Akamwambia akiwa amesimama, maana alihisi akikaa hatalisema. Kitinda alisuuza sahani aliyokuwa nayo mkononi, akaipanga, akachukua nyingine.

"Zote?"

"Zote."

"Sawa, mwalimu."

Mama Mradi alidhani amesikia vibaya. Katika maisha yao yote Kitinda hakuwahi kumwita kingine zaidi ya dada. Tangu siku hiyo hakumwita hivyo tena. Hakumgombeza, hakumnunia. Alimsalimia, alimpakulia chakula, alimwuliza hali ya watoto. Alimwita mwalimu tu, kama wanavyomwita wapita njia.

Kitinda alijaribu kuanza upya. Alikwenda mtaani na chupa tupu, akitumaini maabara ya serikali itampimia hata chache kwa bei anayoiweza. Bibi mwenye kisima alimpokea mlangoni, safari hii hakumkaribisha ndani.

"Maji yangu mlishayachukua," alisema. "Leteni jibu lake kwanza."

"Bibi, yale yalipotea."

"Yalipoteaje maji? Uliniambia yamepanda ndege." Akamtazama, kisha akalainika kidogo. "Mwanangu, sikugombezi. Lakini mimi nimewaambia majirani wangoje jibu, na wanangoja kwangu, si kwako."

Wajukuu wake walikuwa wakiteka maji nyuma yake. Kitinda aliondoka na chupa zake. Nafasi yake sekondari ilikuwa imeshajazwa, hivyo akaanza kufundisha masomo ya ziada kwenye chumba cha kukodi, juu ya duka la simu, bila mkataba. Lile koti alimpa mama yao, ambaye alilitandika chini ya godoro lililobonyea.

Siku zikapita, na wageni wengine wakaja. Nchi nyingine, mfuko mwingine, vitambulisho vya rangi nyingine shingoni. Mkuu wa idara alimwita Mama Mradi akiwa amechangamka kuliko kawaida. "Wamekuomba kwa jina," alisema. "Wanasema una uzoefu. Wakiingia hawa, wanaifungua na ile mashine."

Ukumbini wageni walionyesha picha za wanafunzi wanaocheka. Walisema mara nyingi neno usawa. Ulipofika wakati wa maswali, Mama Mradi alisimama. "Mkikatisha katikati, wanafunzi watakuwa wageni wa nani?"

Kiongozi wa wageni, mama wa makamo mwenye miwani, aliitikia kwa kichwa kwa makini. "Hilo ni swali zuri sana," alisema, akaliandika. Kisha akamwachia nafasi mtu mwingine aliyeuliza kuhusu posho. Rasimu ya mkataba ilipoletwa, Mama Mradi aliisoma ukurasa kwa ukurasa. Kulikuwa na kifungu cha magari, cha nembo, cha haki za picha. Cha kuwalinda wanafunzi mradi ukikatishwa hakikuwemo. Akamwambia mkuu wa idara amtafute mwingine.

"Unatuangusha," mkuu wa idara alimwambia.

"Huenda."

Kazi akapewa mhadhiri kijana, mchangamfu, mwenye ndoa changa na madeni. Alimshukuru Mama Mradi kwa mikono miwili.

Jumapili hiyo Mama Mradi alikwenda kwa mama yao na jambo moyoni, akitaka Kitinda alijue. Hakulazimika kulisema.

"Nimesikia umeukataa mradi," Kitinda alisema, akipanga madaftari ya wanafunzi wake kwenye mfuko.

"Nimeukataa."

"Kwa ajili yangu?"

Mama Mradi akaitikia kwa kichwa.

"Usinitie mimi humo, mwalimu. Ungekuwa ndani, angalau kungekuwa na mtu mmoja anayejua pa kuogopa. Sasa wanafunzi watamsikiliza yule kijana, na yule kijana anaamini kila anachoambiwa." Akafunga mfuko. "Umejisafisha mikono wewe. Wao je?"

Hakulisema kwa ukali, na hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi dada yake. Mama yao alikuwa kitandani chumba cha pili na bila shaka alisikia. Kitinda akaaga, akaenda kufundisha.

Juma lililofuata tangazo la shahada mpya lilibandikwa kwenye mlango wa idara, na foleni ya waombaji ikashuka mpaka kwenye ngazi. Mama Mradi alipita akiwasalimia. Msichana mmoja, aliyekuwa mwanafunzi wake zamani na sasa ameajiriwa na idara ya maji ya mji, akamzuia kwa heshima.

"Mwalimu, wewe unajua mambo haya. Unatushauri tuingie?"

Mama Mradi alisimama. Walio karibu wakageuka wamsikilize, na yule mhadhiri kijana alikuwa amesimama mlangoni na fomu mkononi, anatabasamu.

"Kama una kazi, usiiache," alisema.

Msichana akacheka, akidhani ametaniwa, akasogea hatua moja mbele kwenye foleni.