Divai Ndani ya Supu

Léonce Delbos, mwashi mstaafu wa hapa kwetu Bergerac, alikunywa supu yake ya kitunguu saumu akabakiza kidogo. Kisha akaitwaa chupa aliyoichagua mkwe wa Bordeaux, baba wa bwana harusi mtarajiwa, akamimina divai humo humo kwenye bakuli, akaliinua kwa mikono miwili. Ndivyo tunavyomaliza supu majumbani. Lakini hii ilikuwa karamu ya uchumba wa mjukuu wake, kwenye mkahawa wa divai wa mtaani, na binti yake Odile alitaka wakwe waone wanaoa kwa watu wa maana.

"Baba! Unakunywa kama ng'ombe kwenye ndoo? Mbele za watu?"

Mzee akaliweka bakuli, masikio yamemwiva.

"Samahani, mkwe. Nimejisahau, nikadhani niko kwangu."

"Hamna neno, mzee mwenzangu. Divai ni divai," mkwe akasema, akammiminia kwenye bilauri.

Léonce hakuigusa. Wachumba walipotakiwa heri, aliinua maji. Kwetu kutakia heri kwa maji ni nuksi, na Odile alijua. Ila angemwambiaje sasa anywe divai? Akainamia sahani yake, asithubutu kumtazama baba yake.